Nairobi: Simba Wawili na Babu wa Ngazini

Mtu akikwambia amekwenda Nairobi, usimuulize alikwenda kufanya nini. Kakanyaga Gikomba, basi. Mimi naye, sitaki kukuficha msomaji wangu, safari yangu ilikuwa ya Gikomba hiyo hiyo. Vijisenti vyangu nilivikunja nikavitia ndani ya soksi, nikapanda basi alfajiri pale Dar, na kuanzia hapo ikawa ni kuhesabu miji: Chalinze, Korogwe, Same, Moshi, Arusha, mpaka Namanga nikagongewa muhuri. Nafika Nairobi makalio yameota sugu.

Sitakusimulia habari za mitumba leo. Hilo nitaliweka kiporo. Leo nataka nikusimulie habari ya jengo moja ambalo sikwenda kulitafuta, nikalikuta, na tangu siku hiyo halijatoka kichwani.

Ilikuwa siku ya Alhamisi, mwezi wa Nane, shule zimefungwa. Nilikuwa nimeshamaliza mambo ya Gikomba tangu asubuhi, mzigo nimeuacha kwa dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anayekaa Buruburu. Yeye alikuwa kazini hadi jioni. Mfukoni nilibakiwa na nauli tu. Sasa wewe fikiria, kijana, mji wa watu, hela huna, saa sita za bure. Kazi yako inabaki moja tu, kutembea.

Nikakatiza Tom Mboya, nikavuka Moi Avenue, nikawa napita kwenye vitabu vilivyotandazwa chini, kando ya barabara. Wenyewe wanapaita "inama", maana ukitaka kitabu lazima uiname. Nikainama kidogo kwa heshima, nikauliza bei ya kitabu kimoja, nikainuka haraka. Nikaendelea hadi mtaa wa Biashara, zamani ukiitwa Bazaar Street, maduka ya vitambaa mwanzo mwisho. Kutoka hapo nikauona Msikiti wa Jamia na kuba zake, msikiti uliokamilika mwaka 1933. Umesimama katikati ya mji kama bwana harusi.

Pembeni ya msikiti, mtaa wa Banda, ndipo nilipokutana na simba.

Simba wawili wa mawe, mmoja huku mmoja kule, wamelala juu ya ngazi pana. Nyuma yao nguzo ndefu zilizovikwa graniti ya kijivu, zile nguzo za mtindo wa Kigiriki na Kirumi ambazo sisi wengine tumeziona kwenye filamu tu. Baraza la mbele limewekwa marumaru nyeupe. Nikasema moyoni, hapa ama ni mahakama ama ni benki ya watu wenye zao. Nikasogea kusoma maandishi. Maktaba! McMillan Memorial Library.

Nitakwambia kitu. Miguu ilisita.

Nilipokuwa Kidato cha Pili, niliwahi kwenda kwenye maktaba moja, jina lake naliweka mfukoni, nikatolewa nje mbele za watu kwa sababu nilikuwa nimevaa ndala. Nikatoka na kisirani changu, nikaapa sitaingia tena maktaba yoyote. Kidato cha Nne kikaja, mtihani ukaja, matokeo yakaja. Hayo matokeo tuyaache. Ila tangu siku ile nikiona jengo lenye vitabu vingi na mlango mkubwa, huwa najiangalia kwanza miguuni.

Basi nikajiangalia. Nilikuwa na raba. Safi. Lakini bado sikuingia. Nikakaa kwenye ngazi, karibu na simba wa kushoto, nikijifanya napumzika.

Sasa ngoja nikupe historia ya hapa, maana baadaye niliichimbua, na ina vituko vyake.

Huyu McMillan alikuwa Mmarekani, William Northrup McMillan, mzaliwa wa St. Louis mwaka 1872. Baba yake alitajirika kwa kutengeneza mabehewa ya treni. Kwa hiyo jamaa alizaliwa hela ikiwa inamsubiri mlangoni. Akaja Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20, akajichukulia shamba kubwa huko Juja, nje ya Nairobi. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alipokuja kuwinda alifikia hapo kwa McMillan. Serikali ya Uingereza ikampa jamaa cheo cha "Sir". Mtu mwenyewe alikuwa bonge la mtu, mwili wake unasimuliwa mpaka leo.

Alifariki mwaka 1925. Alitaka azikwe juu ya mlima Ol Donyo Sabuk, ule ambao wengine huuita Kilimambogo, mlima wa nyati. Wanasimulia kwamba jeneza lilikuwa zito, chombo kilicholibeba kikashindwa kupanda mpaka kileleni, wakamzika njiani, ubavuni mwa mlima. Kaburi lake lipo huko huko mpaka leo. Hela zote zile, na kilele hakukifika. Dunia hii!

Mkewe, Lady Lucie McMillan, ndiye aliyetaka jina la mumewe lisife. Wengine wangejenga mnara. Yeye akajenga maktaba, akiungwa mkono na fedha za Carnegie, lile shirika la Marekani lililosaidia maktaba nyingi duniani. Jengo likafunguliwa mwezi wa Sita mwaka 1931 na Gavana Sir Joseph Byrne. Ndiyo maktaba kongwe kuliko zote Nairobi. Kwa Kenya nzima inatanguliwa na ile ya Seif bin Salim ya Mombasa, iliyoanza mwaka 1903. Watu wa pwani, kama kawaida yao, walishatangulia.

Mwaka 1938 ikatungiwa hata sheria yake yenyewe. Umesikia hiyo? Jengo moja, sheria moja. Wewe na mimi nyumba tunazokaa hata mkataba hatuna.

Lakini sasa njoo kwenye utamu wenye shubiri ndani. Jengo lote hilo, na simba wake na marumaru yake, kwa karibu miaka 30 lilikuwa la Wazungu tu. Mwafrika haingii. Mhindi haingii. Vitabu vimepangwa katikati ya Nairobi, na wengi wa wanaoishi Nairobi hawaruhusiwi kuvifunua. Baraza la Jiji lililichukua mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya Uhuru wa Kenya, likawa jengo la watu wote.

Hayo yote wakati ule sikuyajua. Aliyenifungua macho ni babu mmoja.

Alikuja taratibu kutokea upande wa msikiti, kanzu nyeupe, kofia, bakora mkononi. Swala ya adhuhuri ilikuwa imekwisha. Akakaa ngazi ya pili kutoka chini, akashusha pumzi. Mimi kwa malezi yetu nikainuka.

"Shikamoo babu."

Akanigeukia kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni. "Marahaba, marahaba mjukuu wangu! Wewe si wa hapa. Vijana wa hapa husema 'niaje'."

Nikamwambia natoka Dar es Salaam. Akacheka, akaniambia yeye ni wa Pumwani, mtaa wa Waswahili wa Nairobi, na umri umeshavuka miaka 80. Akaniuliza mbona nimekaa nje. Nikamwambia napumzika. Akaniangalia. Wazee wana macho ya kuona ndani ya mtu.

"Na wewe babu mbona umekaa nje?" nikamrudishia.

Akagonga ngazi kwa bakora yake. "Mimi hapa pamekuwa mahali pangu pa kungoja tangu nikiwa kijana mdogo."

Akanisimulia. Mwaka 1957 alikuwa mvulana wa miaka 14, akifanya kazi ya kubeba mizigo kwenye duka la vitambaa la Mhindi mmoja, pale Bazaar Street. Mama wa Kizungu akinunua, yeye anabeba vifurushi anamfuata nyuma. Wengine kabla ya kurudi nyumbani hupitia maktaba kubadilisha vitabu. Basi memsabu anapanda ngazi, anapita katikati ya nguzo, anaingia. Yeye anabaki chini na vifurushi. Saa nzima, wakati mwingine saa mbili. Jua likiwaka, hapo hapo. Mvua ikinyesha, hapo hapo. Kukaa kwenye ngazi hakuthubutu, maana siku hizo za Hali ya Hatari mtu mweusi akionekana amezubaa mjini aliulizwa kipande.

"Nikawa nasimama kando ya huyu simba," akasema, akimwonyesha yule wa kulia. "Kwa hiyo, mjukuu wangu, wewe unaona simba wawili. Zamani tulikuwa watatu."

Mimi nilicheka. Yeye hakucheka sana.

Nikamuuliza, milango ilipofunguliwa kwa wote, aliingia? Akasema ndiyo. Alikuwa kijana wa miaka 19. Alivaa shati la Idi, akapaka viatu rangi, akaja. Akapanda hizi ngazi pole pole, akapita katikati ya nguzo, akakanyaga ile marumaru kwa mara ya kwanza. Ndani kimya, mbao sakafuni zinang'aa, makabati yamejaa. Akavuta kitabu. Kiingereza. Akavuta cha pili. Kiingereza. Yeye shule yake ilikuwa chuoni, kusoma Kurani na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kiingereza chake kilikuwa cha dukani: ndiyo memsabu, hapana memsabu, shilingi kumi memsabu.

"Nikakaa na kitabu mbele yangu kama dakika ishirini," akasema, "nageuza kurasa ili watu wasijue. Halafu nikakirudisha, nikatoka. Walinifungulia mlango, wakasahau kunipa ufunguo."

Msomaji wangu, mimi ni mtu wa utani, watu wa kijiweni wananijua. Lakini hapo nilikosa la kusema. Nikamwona huyo kijana wa miaka 19 na shati lake la Idi, anageuza kurasa asizozielewa. Halafu nikajiona na mimi, na raba zangu, nimekaa nje.

"Sasa leo unamngoja nani?" nikamuuliza.

"Mjukuu wangu yumo ndani. Ana mtihani mwakani. Nyumbani kwetu watu wengi na redio haizimwi, kwa hiyo shule zikifungwa namleta hapa. Mimi naswali, yeye anasoma, kisha tunarudi pamoja." Akatabasamu. "Kazi yangu haijabadilika. Nangoja tu. Ila huyu wa sasa akitoka ananipa mkono, na mzigo anabeba mwenyewe."

Akanisukuma kwa bakora, kwa upole lakini kwa kumaanisha. "Ingia basi. Umetoka Dar mpaka hapa, uje kukalia jiwe?"

Nikaingia.

Mlinzi pale mlangoni akanitazama, nikasubiri aniangalie miguu. Hakuangalia. Akaniambia "karibu", basi. Miaka yote hii ya kisirani, na dawa yake ilikuwa neno moja.

Ndani, nisikudanganye, uzee unaonekana. Jengo limekula miaka zaidi ya 90 na halifichi. Meza nzito za mbao, za zama zile mafundi walipokuwa hawana haraka. Vitabu vya zamani vyenye harufu ile ya sanduku la bibi. Humo kumehifadhiwa magazeti ya tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na kumbukumbu za mabunge. Dari iko juu, hewa inapita, kelele za matatu za huko nje zinakuja kwa mbali kama za mji mwingine. Na kwenye meza hizo, vijana! Nilitegemea kukuta wazee wenye miwani. Nikakuta wa umri wangu na wadogo zangu, vichwa chini, daftari wazi, kalamu zinakimbia. Wengine unaona kabisa kwamba wamekuja na mkate wa asubuhi tu tumboni. Meza ambazo zamani mtu mweusi hakuruhusiwi kuzigusa, sasa kupata kiti ni kuwahi.

Mwanzoni nilizunguka kama mtalii, naangalia nguzo, naangalia dari. Halafu nikakumbuka kwamba nikitoka babu ataniuliza nimesoma nini. Nitamjibu nini? Nimesoma dari? Nikavuta kiti. Nikachukua kitabu cha hesabu, ndiyo, hesabu, lile somo lililonizika Kidato cha Nne. Nikakifungua kwenye milinganyo. Nikakaa nacho saa nzima na robo. Mambo mawili yalinishinda. Matatu niliyaelewa. Ukipiga hesabu, nimeshinda kwa moja.

Jengo hili nalo lina watu wanaolipigania. Mwaka 2017 wanawake wawili wa Nairobi, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, walianzisha taasisi waliyoiita Book Bunk. Mwaka uliofuata wakaingia ubia na serikali ya kaunti ili kufufua McMillan pamoja na matawi yake mawili ya huko Eastlands, moja la Kaloleni na jingine la Makadara. Matawi ndiyo yaliyoanza kukarabatiwa. Na mwaka 2023, Mfalme Charles wa Uingereza alipokwenda Kenya, alipelekwa kuliona lile la Makadara. Sasa wewe piga picha. Kitukuu cha mfalme yule aliyekuwa kwenye kiti McMillan ilipofunguliwa mwaka 1931, anakuja kukaribishwa na watoto wa Eastlands ndani ya maktaba yao. Mambo hayo yalinganishe na babu na vifurushi vyake.

Kuna filamu pia juu ya kazi hiyo ya wale dada wawili, inaitwa How to Build a Library, iliyotoka mwaka 2025. Ukiipata iangalie. Utaona kwamba kupaka rangi ukuta ni rahisi. Kazi ni kukubaliana vitabu gani vikae rafuni, vya lugha gani, vya kumsimulia nani. Yaani ule ufunguo wa babu.

Nilipotoka nje, jua lilikuwa limelegea. Babu alikuwa bado yupo, na pembeni yake binti wa miaka kama 16, mkoba mgongoni. Kumbe mjukuu mwenyewe ni wa kike. Akanisalimia, akamshika babu mkono.

"Haya, umesoma nini?" babu akauliza, kama nilivyotegemea.

"Hesabu, babu."

"Umeelewa?"

"Kidogo."

"Kidogo ni kizuri. Mimi sikupata hata kidogo." Wakashuka ngazi ya mwisho, bakora na mkoba, wakapotelea upande wa msikiti. Jina lake sikumuuliza. Mpaka leo najilaumu.

Kwenye basi la kurudi nilikuwa nimekumbatia mzigo wangu wa mitumba, nawaza. Sisi Dar tuna Maktaba Kuu yetu, pale Barabara ya Bibi Titi. Mwalimu Nyerere aliifungua tarehe 9 Desemba 1967, siku ya Uhuru. Ile ilijengwa tukiwa tumeshajitawala. Hakuna sheria iliyowahi kusema mtoto wa Manzese abaki nje. Hakuna babu aliyesimama mlangoni pake na vifurushi vya memsabu. Na mimi, miaka yote hiyo nimepita mbele yake kwenye daladala, nimening'inia mlangoni, na sikuwahi kushuka. Babu alizuiwa na serikali nzima ya kikoloni. Mimi nilizuiwa na ndala.

Wiki iliyofuata nilishuka. Nimefuatilia na fomu ya kurudia mtihani, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nimeanza na hesabu. Washikaji wa kijiweni wakisoma hapa ndiyo watajua, maana sikuwaambia. Mkitaka kunicheka nichekeni sasa hivi, mwezi wa Kumi na Moja nitakuwa na shughuli.

Na wewe ukienda Gikomba, mzigo ukishaupata, usikae kwenye gesti unahesabu dari. Panda mpaka mtaa wa Banda, karibu na Msikiti wa Jamia. Utawaona simba wawili. Wasalimie. Kisha simama kidogo kando ya yule wa kulia, pale panapoonekana patupu, upakumbuke. Halafu panda ngazi uingie.

Tukutane wiki ijayo, nikipata muda kati ya milinganyo.